Safari ya kuangalia nyota Pemba: mwongozo kamili kwa anaetaka kiza cha kweli

Mara ya kwanza nilipowapeleka wenzangu Pemba kuangalia nyota niliwatia hasara tupu. Tulikuwa watano, tumechanga, kila mtu kaomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa, nauli ya boti, gari ya kukodi, chakula, tukafika Vumawimbi jua linazama tukaanza kutandika mikeka, na kabla hata hatujamaliza kutandika mwezi huo ukachomoza baharini, mkubwa kama sinia la shughuli, mwezi kumi na nne wenyewe. Ufukwe mzima ukawa mweupe pee, sindano ikikuanguka unaiokota. Nyota sidhani kama tulihesabu arobaini. Mdogo wangu wa kike akanitizama akasema, "Kaka, ndo hizi ulizotutoa Michenzani kuja kuziona?" Nikanyamaza. Mie niliezaliwa Wete, nimezijua tarehe za mwezi muandamo chuoni kabla sijajua Februari ina siku ngapi, safari ya nyota nimeipanga kwa kufuata wikiendi.

Toka siku ile nimeenda mara nyingi, na hii nnayoandika ndo njia nnayoifuata mwenyewe, na makosa yake nimeyalipia. Ushike jambo moja tu mapema: karibu vitu vyote vya kupangia safari hii unavyo kichwani tayari, mwezi muandamo, bamvua (yale maji makuu ya baharini), adhana ya Isha, kibla. Darubini na kamera ni vya baadae kabisa.

Anza na mwezi, boti ingoje

Nyota hazina adui kama mbalamwezi. Kabla hujauliza nauli chukua kalenda ya Kiislamu, ile ya kubandika ukutani, uangalie mwezi unaandama lini. Usiku bora ni kuanzia tarehe 26 mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Tarehe 26 na 27 mwezi unatoka karibu na alfajiri, kijikucha tu, haukusumbui. Tarehe 28 na 29 ndo haupo. Tarehe 2 na 3 unazama mapema, ukishaswali Isha ukanywa na kahawa umeshaondoka, usiku uliobaki wote wako.

Ukikosa siku hizo bado kuna njia, kwa sababu mwezi unachelewa kutoka kama dakika 50 kila siku. Ukienda tarehe 20, 21 au 22 unapata masaa matatu mpaka manne na ushei ya kiza baada ya Isha kabla haujatoka, na kwa familia yenye watoto hizi siku mie naona ni nzuri zaidi maana hakuna mtoto wa kukesha. Tarehe 7 na 8 ni kinyume chake, mwezi uko juu tokea magharibi na unazama karibu na saa sita usiku, kwa hivyo unalala kwanza unaamka saa saba. Kuanzia tarehe 10 mpaka 18 nenda ukaogelee, uvue, utembelee jamaa, nyota usizitaje.

Sasa hili sijapata kuliona katika maelezo ya nyota popote. Hizo siku zako za kiza ndo hizo hizo siku za wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwa imetanda, kwa hivyo mwezi ukipotea vyombo vyote vinaingia baharini na taa zao, zamani karabai, siku hizi balbu kali za betri na jenereta. Ukisimama ufukwe wa magharibi, upande unaotazama Tanga, unaona kama mji mzima umeelea juu ya maji. Unapendeza, sikatai, lakini macho yako hayatozoea kiza hata ukae mpaka asubuhi. Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: mwezi ukiwa haupo, elekea mashariki ya kisiwa, kule mbele yako ni bahari kuu tupu na hakuna mji mpaka huko mbali.

Msimu

Juni mpaka Septemba ndo miezi yangu. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na Njia Nyeupe, ule utepe mpana wa nyota zilizosongamana kama unga uliomwagika, inakaa juu ya kichwa kabisa. Katikati ya Juni kitovu chake unakiona kusini mashariki wakati wa Isha, kinapanda polepole mpaka karibu saa sita na nusu usiku ndo kinafika juu. Katikati ya Agosti huna haja ya kukesha, saa mbili na nusu za usiku kiko pale pale juu kinakungoja. Sisi tuko kama digrii 5 tu kusini ya ikweta kwa hivyo kitovu hicho kinapanda juu sana, watu wa Ulaya wanakiona kimelala chini upande wa kusini au hawakioni kabisa, halafu sisi ndo tunalala ndani na televisheni.

Ubaya wa miezi hii ni kusi, upepo wa kusini. Bahari baina ya Nungwi na Pemba inachafuka, asiezoea achukue ndimu na vidonge vya kichefuchefu na asikae juu mbele ya boti kujionesha. Fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali usibishane nao. Na Pemba ina mvua kuliko Unguja, hata kipupwe kijiwingu kinatoka baharini kinakunyeshea dakika kumi kinaondoka, kwa hivyo panga usiku tatu, usipange mmoja. Katika tatu mmoja utaharibika, huo uhesabu kabisa.

Msimu wa pili ni kiangazi, Januari na Februari, joto kali lakini bahari imetulia na mbingu za wakati ule ni nyengine kabisa, ntazieleza mbele. Masika usijaribu. Vuli ni bahati nasibu, ila kama una moyo, usiku wa kuamkia 14 Desemba kuna vimondo vingi kuliko siku yoyote ya mwaka, mawingu yakikuachia hutosahau. Vimondo vya Agosti 12 na 13 ambavyo watu wa nje wanavisifu sana, kwetu vinatokea chini upande wa kaskazini, unaona vichache, usikate tiketi kwa ajili yao peke yao.

Boti, gari na barabara

Boti kata tiketi mapema na uende na kitambulisho, na kama tarehe zako za kiza zimeangukia karibu na Iddi basi ahirisha mwezi mzima, hutopata nafasi na ukiipata utasimama. Ndege ndogo ya kutua Chake Chake ni kama nusu saa lakini mizigo yao ni kidogo, mikeka na vyungu haviendi.

Gari ni lazima. Daladala zitakufikisha Konde mchana, usiku hakuna, na pahala penye kiza ni pahala pasipo daladala. Unapokodi usiangalie rangi. Washa na kuzima mara tatu uisikie betri, kwa sababu utakaa masaa sita umezima gari pasipo na mtu wa kukusukuma. Angalia tairi la akiba kama lina upepo na jeki kama ipo. Angalia taa zote mbili za mbele. Halafu tafuta swichi ya ile taa ya ndani inayowaka mlango ukifunguliwa na ujue inazimwa vipi, maana safari moja tulikuwa na bwana mmoja hodari wa karanga, karanga zake kaziacha ndani ya gari, kila akitamani anafungua mlango na watu sita macho yetu yanarudi mwanzo. Mwisho tulizimwagia karanga zake kwenye mkeka.

Mafuta jaza Chake au Wete, ukishapita Konde usitegemee. Usiku endesha taratibu sana, sisemi kwa mapambo. Gari za ng'ombe hazina taa na zinarudi na mizigo magharibi, baskeli hazina taa, wazee wanatoka msikitini baada ya Isha wamevaa kanzu nyeupe hao angalau unawaona, na ng'ombe wengine wamefungwa kamba ndefu inayofika katikati ya barabara. Msimu wa karafuu ukipita mchana utakuta majamvi yameanikwa pembezoni mwa njia, usikanyage jamvi la mtu, pale pana jasho la siku nzima juu ya mkarafuu.

Pa kwenda

Vumawimbi ndo mama yao wote. Iko kaskazini kabisa, unapita Konde, unaingia msitu wa Ngezi, halafu unakamata njia ya mchanga kuelekea baharini. Kutoka Wete uweke saa nzima na zaidi. Ufukwe unatazama mashariki, nyuma yako miti, mbele hakuna taa hata moja, nyota zinatoka ndani ya maji moja moja. Ndani ya Ngezi ukipita usiku shusha vioo usikie, kuna komba wanalia na kuna bundi wa Pemba ambae hapatikani popote duniani ila kisiwa hichi. Mchana ukitaka kuingia msituni kuna kiingilio na mtu wa kukuongoza.

Kigomasha, kule kwenye mnara wa taa, ni pazuri kwa machweo, lakini ufukwe wake wa Verani unatazama magharibi na hapo ndo utakutana na taa za dagaa nilizosema. Mie napita jua likizama, nakula, halafu navuka kwenda Vumawimbi.

Upande wa Micheweni na Kiuyu ni chaguo langu la pili. Ardhi ya mawe, vichaka vifupi, hakuna minazi ya kuziba mbingu, unaona pande zote nne. Nakwenda huko maji yakiwa mabaya ufukweni au nikiwa na mtu mzima asieweza kukaa mchangani, gari inasimama pahala pagumu na kiti kinakaa sawa. Wambaa ni karibu na Mkoani, inafaa usiku wa kwanza kama umeshuka boti na umechoka, basi.

Na asieweza kabisa kufika Pemba, Unguja aende kusini, Mtende au Makunduchi. Nungwi na Paje mahoteli yamepawasha mno. Namna ya kujua pahala pana kiza ni kuangalia mawingu: mjini wingu linaonekana jeupe kwa sababu linamulikwa kutoka chini, penye kiza cha kweli wingu ni jeusi, linapita kama tundu lililotoboa nyota. Ukiona wingu jeusi teremsha mkeka.

Sheha kwanza

Hii hatua wageni wengi wanairuka halafu wanalalamika. Fika mchana, nenda kwa sheha wa pale, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, toa salamu, sema nyie ni akina nani, mko wangapi, gari gani, mtakaa mpaka saa ngapi. Sababu ni mbili. Ya kwanza, fukwe za kaskazini ni njia za magendo ya karafuu tangu zamani, gari ngeni imezima taa ufukweni saa nane za usiku msimu wa karafuu, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wakija kuuliza wana haki yao. Ukishasema "tumeripoti kwa sheha" mazungumzo yanakuwa mafupi.

Ya pili ni ya Kipemba. Mtu aliejilaza chali juu ya mkeka gizani, kimya, anatazama mbinguni na kunong'ona majina ya Kiarabu, sisi hatusemi huyo anaangalia nyota. Tunasema mengine. Na popobawa la 1995, lile shetani la usiku, watu wazima wanalikumbuka, waliolala nje wakati ule walilala makundi na moto wanakoka. Mzee mmoja wa Makangale nilipomueleza tunakuja kufanya nini alinyamaza kidogo akaniuliza, "Nyota za kutazamia mambo au nyota hizi hizi tu?" Nikamwambia hizi hizi tu, ami. Akacheka, akamtoa mjukuu wake akae na sisi, na yule kijana ndo alietuonesha njia ya kurudi.

Vitu vya kubeba

Mkeka mmoja kwa watu wawili na shuka nzito ya kuweka juu yake, kwa sababu umande wa Agosti unakurowesha kama uliotoka kuoga, na kipupwe saa tisa ya usiku ni baridi ya kweli hata kwa mtu wa pwani. Sweta, kofia, kikoi. Wanawake kanga mbili tatu, hazikosi kazi. Dawa ya mbu ya kupaka. Mto pia, shingo inauma, watu hawaamini mpaka ipinde.

Tochi ndo kitu cha kufanyiwa kazi. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea kiza na mwanga mweupe wa sekunde mbili unaharibu nusu saa yote hiyo, ila mwekundu hauliharibu sana. Mie napaka kioo cha tochi rangi ya kucha nyekundu tabaka mbili, ya mke wangu, alinuna kidogo. Ukikosa funga kitambaa chekundu au karatasi nyekundu ya peremende. Simu punguza mwanga mpaka mwisho kabisa. Programu ya Stellarium ipo ya bure, ina hali ya usiku yenye kioo chekundu, ipakue mjini kabla ya kuondoka kwa sababu Vumawimbi mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni.

Darubini ya macho mawili ukiwa nayo chukua. Ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50 ndo nzuri, namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni upana wa kioo kwa milimita, na kwa usiku upana ndo muhimu. Usinunue ile darubini ya mguu ya bei rahisi yenye picha za sayari kwenye boksi. Mie ninayo. Inashikilia mlango.

Chakula kipikwe mapema. Mkate wa mofa, samaki wa kukaanga, tende, haluwa ya Wete usipite bila ya kununua, na kahawa chungu ndani ya chupa ya chai. Moto usikoke, unaharibu macho na karibu na msitu wa hifadhi ni kosa.

Usiku wenyewe

Ukitaka kujua kiza kimekamilika saa ngapi sikiliza adhana. Isha inaingia pale wekundu wa jua ulipoondoka mbinguni, na wanaanga wanapohesabu kiza kamili wanahesabu karibu kitu hicho hicho, jua limeshuka kama digrii 18 chini ya upeo. Kwetu ni saa na dakika kumi hivi baada ya jua kuzama. Na alfajiri inapoadhiniwa ndo kiza kimeanza kuvunjika. Kwa hivyo ratiba yako ni Isha mpaka Alfajiri.

Swalini, halafu kaeni hapo hapo kwanza. Kibla chetu Zanzibar ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, kwa hivyo ukishatoa salamu geuka tu uelekee nyuma, unatazama kusini, na kusini ndo kwenye mali. Wazee wa majahazi waliita kaskazini jaa na kusini suheli, yote mawili ni majina ya nyota. Jaa ni ile nyota isiyohama ya kaskazini, na usiitafute, Pemba haionekani, iko chini ya upeo, mabaharia wetu waliokwenda Arabuni walikuwa wanaiona ikichomoza mbele baada ya kuvuka ikweta. Suheli tunayo. Ni ya pili kwa mwangaza mbingu nzima, Januari mpaka Machi inawaka kusini baada ya Isha huku juu yake, kichwani kwako, ikiwaka ya kwanza, Shi'ra, iliyotajwa katika Suratun Najm. Kaskazini yake kidogo kuna Jabari, zile nyota tatu za mstari mmoja kiunoni mwake hata mtoto anazipata.

Ukifuata mstari wa zile tatu kuelekea upande wa pili, ukiipa mgongo Shi'ra, utafika kwenye kishada kidogo kama zabibu changa. Hicho ndo Kilimia. Nyota sita kwa macho ya kawaida, mwenye macho makali anaona zaidi, ukiweka darubini zinakuwa kadhaa wa kadhaa na hapo kila mtu anapiga kelele. Wakulima walikuwa wanapanda kwa kukitazama: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Na ndivyo, mwezi wa Mei kinapotea machweo masika yakinyesha, Juni kinazuka alfajiri kukiwa kumekauka.

Miezi ya kipupwe lala chali miguu ikiwa kusini. Nge yuko juu yako, mkia umejikunja na moyo wake ni nyota nyekundu, hana haja ya kuchorwa, ni nge kweli. Pembeni ya mkia wake ndo kitovu cha Njia Nyeupe, pale penye unene na madoa meusi, na hayo madoa si pengo, ni vumbi limeziba nyota za nyuma. Chini kusini magharibi utaona nyota mbili kali zimeongozana, zifuate zitakupeleka Msalaba wa Kusini, mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kitu chochote kinachotembea taratibu bila ya kupepesa ni setilaiti, mwambie mtoto mara moja kabla hajaanza kubuni.

Mwenye kamera: mguu wa kusimamishia, lenzi ifunguliwe mpaka mwisho, ISO 3200, sekunde 15, ukali wa picha uurekebishe kwa mkono kwenye nyota moja kali. Simu mpya zina hali ya usiku, iegemeze kwenye kiatu uweke saa ya kuhesabu ili usiitikise. Piga tano sita halafu uweke chini. Kuna watu walikuja na mimi usiku mzima wameinama kwenye kioo, nyota wameziangalia nyumbani.

Maji

Nimeliacha mwisho kwa sababu ndo lililoniumiza. Kiza cha mwezi ni bamvua. Na bamvua kwetu lina saa zake: maji yanakupwa kiasi cha saa nne au tano za usiku, na yanajaa baina ya saa kumi na kumi na moja alfajiri, tofauti inakaribia mita nne. Ona linavyokudanganya. Unafika Isha maji yanatoka, kila ukitizama ufukwe umezidi kuwa mpana, mchanga mgumu mzuri, unasogeza mkeka, unasogeza na gari uwe karibu na chakula, saa tano bahari iko mbali hata huisikii vizuri. Unalala.

Mie niliamshwa na unyevu mgongoni nikadhani umande. Nikageuka nikasikia mkeka unasema chwaa. Gari matairi ya nyuma yameshazama nusu, nikakanyaga mafuta kwa fadhaa yakazama zaidi, na kila wimbi linakuja refu kuliko lililopita. Wakatokea wavuvi wawili wanakwenda kwenye ngalawa yao, mmoja mtu mzima akasimama akashika kiuno. "Mwafanyani hapa na gari?" Nikamwambia tunaangalia nyota. Akatazama juu, akatazama maji. "Nyie mwaangalia juu, maji yaja chini." Hakugomba zaidi. Alitoa upepo tairi zote nne kwa kijiti mpaka zikabonyea, akatuma makuti yaletwe yakatiwa chini, wakasukuma na sisi, ikatoka maji yanagusa bampa. Pesa alikataa, alichukua tende.

Kwa hivyo: gari iache juu, penye majani, usiteremke nayo kabisa. Mkeka tandika juu ya ule mstari wa mwani mkavu, huo ndo maji ya jana yalipofika. Weka kengele ya simu saa tisa na nusu. Na beba pampu ya miguu, kwa sababu tairi ukishazitoa upepo lazima uzijaze kabla ya lami.

Kengele hiyo ina faida nyengine. Ukiamka saa tisa na nusu ukakaa ukatazama mashariki, utaona mwanga hafifu umesimama wima kutoka baharini, mwembamba kama mkia, haujaenea. Hiyo ni alfajiri ya uongo, ile tuliyoisoma chuoni kwamba haiharamishi kula daku. Mie nilikuwa nikiisoma tu, mjini haipo, imemezwa na mataa, nikaja kuiona kwa macho yangu Vumawimbi na miaka thelathini na kitu. Ni mwanga wa jua unaopiga vumbi lililotanda baina ya sayari. Unakaa pale, halafu chini yake unaanza ule wa kweli, unaoenea kulia na kushoto. Hapo mnaswali, mnakung'uta mikeka, mnakwenda Konde kutafuta chai ya maziwa na mkate wa kumimina, na anaeendesha awe ndie aliyelala zaidi.